Takwimu za mafuta ya Turkana zifafanuliwe

Mhariri,

Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia 1 huko Turkana mwaka wa 2012, tumekuwa tukitajiwa mamilioni ya mapipa bila kuelezwa ni mangapi yanayoweza kutolewa ardhini kwa faida na mangapi ni makadirio tu. Umoja wa Mataifa una mfumo wa kuainisha rasilimali, uliosasishwa mwaka wa 2019, ambao huupa kila mradi alama tatu: E ya uchumi, jamii na mazingira, F ya utayari wa kiufundi, na G ya uhakika wa makadirio yenyewe. Mradi unaweza kupata G1, kiasi chake kikajulikana barabara, na bado ukabaki E3 kwa kuwa haijathibitika kwamba utalipa wala kwamba wenyeji wataukubali. Kwangu mimi E ndiyo nzito, maana malisho na maji ya wafugaji hayaonekani katika hesabu ya mapipa. Umoja wa Afrika nao umejenga mfumo wake, AMREC, juu ya msingi huohuo. Naziomba wizara husika zichapishe alama hizo kando ya kila takwimu zinayoitangaza.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi