Krismasi ya Bach, Corelli na Handel: barua kwa Nekesa

Milimani, Kisumu
1 Desemba

Mpendwa dada Nekesa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumai nyote Nakuru hamjambo, na kwamba kwaya haijawachosha na mazoezi ya usiku.

Umeniuliza tusikilize nini Krismasi hii, na orodha uliyonitumia nimeipitia yote. Nakusihi uipunguze. Ukichanganya vipande vya kazi ishirini, kila kimoja kimekatwa mahali pake, husikii kazi hata moja. Chukua tatu au nne nzima, uzipe siku zake.

Anza na Bach, mtunzi wa Kijerumani. Oratorio yake ya Krismasi, yaani hadithi ya Biblia inayoimbwa (BWV 248 katika orodha ya kazi zake), haikuandikwa isikilizwe jioni moja, ingawa kumbi nyingi hufanya hivyo siku hizi. Ni kantata sita, yaani kazi fupi za kanisani za waimbaji na ala, na kila moja ilikuwa na siku yake makanisani Leipzig: tarehe 25, 26 na 27 Desemba 1734, Mwaka Mpya, Jumapili iliyofuata, kisha Epifania, tarehe 6 Januari 1735. Kila kantata ni dakika 25 hivi, na zote pamoja ni kama saa mbili na nusu. Ukizisikiliza kwa mkupuo mmoja masikio huchoka kufikia ya nne, na ya tano, ambayo haina tarumbeta, inakupita hivi hivi. Zigawe kwa siku zake. Mwaka usio na Jumapili kati ya tarehe 2 na 5 Januari, chagua jioni yoyote hapo katikati.

Kijerumani kisikutishe. Mwimbaji wa tenor, sauti ya juu ya kiume, anayeitwa Mwinjilisti, anaimba maneno ya Injili yenyewe, kwa hiyo kaa na Biblia yako mapajani. Kantata ya kwanza ni Luka 2:1-7, ya pili mstari wa 8 hadi 14, ya tatu 15 hadi 20, ya nne mstari wa 21 peke yake, ya tano Mathayo 2:1-6, ya sita mstari wa 7 hadi 12. Ukisikia tenor anaimba kama anayesimulia, nyuma yake kinanda na selo tu, hapo hadithi inasonga. Aria, nyimbo za mwimbaji mmoja, na korali, tenzi za kwaya, zinasimama kuyatafakari yaliyosomwa.

Mwanzo wa kantata ya kwanza usiukose hata kidogo. Timpani, ngoma kubwa za okestra, zinaanza peke yake, filimbi zinajibu, na kwaya inapoingia sauti zote nne zinaimba tuni moja, tena chini, zikiufuata mpigo ule ule wa ngoma. Kuna sababu. Muziki huo Bach alikuwa ameutunga mwaka 1733 kwa siku ya kuzaliwa ya Maria Josepha, malkia wa Poland, na maneno ya awali yaliziamuru ngoma zilie na tarumbeta zivume. Wapo wanaoona kuwa kuhamisha muziki wa ikulu na kuupeleka kanisani ni uvivu. Mimi sikubaliani nao. Sikiliza wimbo wa kumbembeleza mtoto katika kantata ya pili: mwanzo wake, katika kazi nyingine ya Bach, ulikuwa sauti ya Anasa akimshawishi Hercules, shujaa wa hadithi za Kigiriki, alale raha, na Bach akaushusha, akampa mwimbaji wa alto, na sasa huwezi kuufikiria mahali pengine isipokuwa kando ya hori.

Kantata hiyo ya pili ndiyo nakuomba uirudie mara mbili. Inafunguka kwa ala tupu, bila kwaya. Upande mmoja kuna filimbi na vayolini. Upande wa pili kuna obo nne, aina ya zumari, mbili za d'amore na mbili kubwa zaidi za da caccia, zenye sauti nene iliyopita puani kidogo. Wengi husikia malaika katika vayolini na wachungaji katika obo, nami nasikia hivyo hivyo: mwanzoni wanapokezana, kila kundi na lake, na kadiri muziki unavyoendelea wanakaribiana mpaka wanapiga pamoja. Hesabu 12/8, yaani moja-mbili-tatu mara nne katika kila kipimo, polepole, noti ya kwanza ikivutwa na inayofuata ikikatwa fupi. Ukiishika hesabu hiyo kwa kidole mezani, umepata ufunguo wa nusu ya muziki wa Krismasi wa karne ile.

Hesabu hiyo ilitokana na wachungaji wa milimani Italia, pifferari, walioshuka Roma majira ya Krismasi kupiga filimbi na zampogna, ile ala ya mfuko wa ngozi yenye noti moja ya chini isiyonyamaza. Corelli, mtunzi wa Kiitaliano aliyekaa Roma, aliiweka mwishoni mwa konserto yake ya Krismasi, kazi ya ala tupu, Opus 6 namba 8, iliyochapishwa mwaka 1714, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Konserto nzima ni robo saa tu. Sehemu za mwanzo karibu zote ziko katika G maina, za huzuni kidogo, halafu inakuja Pastorale katika G meja, vayolini mbili zikienda sambamba na besi imeshikilia noti yake. Corelli aliandika kwamba kipande hicho si lazima kipigwe. Mimi nasema ni lazima: hakikisha rekodi uliyochagua inakimalizia, kwa sababu bila hicho utabaki na huzuni ya G maina tu.

Handel naye alikuwa Roma akiwa kijana na alimjua Corelli. Ndiyo maana ndani ya Messiah, oratorio yake, kabla tu ya wachungaji kutajwa, okestra inapiga kipande kifupi alichokiandikia jina Pifa: 12/8 ile ile, besi ile ile iliyotulia. Msikilize Corelli kwanza, kisha Pifa, kisha Bach, siku moja, na utaona kwamba wote watatu wanawaendea wachungaji wale wale.

Najua kwenu Messiah ni ya Krismasi tangu zamani. Lakini Handel aliiandika kwa siku 24 mwaka 1741, na ilipigwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, wakati wa Kwaresima. Ni sehemu ya kwanza tu iliyo ya kuzaliwa kwa Bwana, karibu saa moja. "Haleluya" iko mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo. Iache mpaka Pasaka, dada, hata kama kwaya yote itanung'unika. Badala yake ngojea wimbo wa malaika, "Glory to God". Hapo ndipo tarumbeta zinaingia kwa mara ya kwanza katika kazi nzima, na Handel aliagiza zipigwe kutoka mbali na kwa upole kidogo. Halafu mwishoni ala zinapungua, zinapungua, malaika wameondoka. Rekodi inayozivumisha tarumbeta hapo kwa nguvu zote imekosea.

Kuhusu "For unto us" ya Messiah hiyo hiyo mnayoifanyia mazoezi: penye mfululizo wa noti za haraka, tatizo la kwaya zetu ni kutia "h" katika kila noti, ikawa ho-ho-ho-ho, na pumzi inaisha katikati. Fanyeni nusu mwendo kwa silabi "du", kisha "no", kisha ndio mrudishe maneno. Tena msilitie uzito neno "For". Tuni hiyo Handel aliitoa katika wimbo wake wa Kiitaliano wa watu wawili, ambao neno lake la kwanza lilistahili uzito huo. Hili halistahili. Ishikeni laini mpaka "Wonderful", ambapo sauti zote nne zinakutana, na hapo ndipo mfungue vifua.

Tena kuna jambo litakalowasumbua mkifanya mazoezi na rekodi. Vikundi vinavyotumia ala za kale hupanga noti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde, chini ya ile 440 ya kinanda chenu kwa nusu sauti. Karatasi ya solfa inasema Doh ni G, mnapiga G, na rekodi inasikika kama F kali (F#). Kinanda hakijaharibika, na waimbaji hawajashuka. Tafuta kitufe cha kuhamisha sauti, weka -1, vitapatana. Ukimaliza rudisha kwenye 0, la sivyo ibada ya Jumapili itaanza chini.

Rekodi? Kwa Bach chukua John Eliot Gardiner ya 1987 ukitaka wepesi na mwendo, au Karl Richter ya 1965 kwa ajili ya Fritz Wunderlich, tenor ambaye sijasikia wa kumzidi katika kazi hii. Netherlands Bach Society wameziweka kantata zao kwenye YouTube bila malipo. Kwa Messiah, Trevor Pinnock ya 1988.

Najua mtakwenda Webuye, kwa hiyo pakua kabla ya kusafiri. Ubora wa 320 kbps hula takriban MB 2.4 kwa dakika: kantata moja ni MB 60, Oratorio nzima MB 360. Ubora wa 128 ni chini ya nusu ya hapo, ila tarumbeta na kinanda cha kale vinatoa mchakacho kama wa maji. Kwenye simu zima uchanganyaji wa mpangilio (shuffle), zima ule uunganishaji unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, na zima kiongeza besi. Zima pia usawazishaji wa sauti, maana unaipandisha korali ya upole ikalingana na tarumbeta. Spika ndogo isikae pembeni mwa chumba, timpani zitavuma tu bila mpigo. Iweke mezani, mbali kidogo na ukuta. Aria ya mwangwi katika kantata ya nne inataka visikizi, ili umsikie soprano wa pili yuko mbali. Mvua ikianza kwenye mabati, ahirisha. Na ndani ya basi usijaribu Bach kabisa: injini inameza selo, unaongeza sauti, halafu tarumbeta zinakuumiza. Corelli anavumilika barabarani.

Tarehe 24, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, BBC hurusha moja kwa moja ibada ya masomo tisa kutoka King's College, Cambridge, iliyoanza mwaka 1918. Mtoto mmoja hufungua peke yake, bila kinanda. Usiichanganye na ile ya televisheni, hiyo hurekodiwa mapema. Baada yake, A Ceremony of Carols ya 1942 ya mtunzi wa Kiingereza Britten: sauti za watoto na kinubi, dakika 23 hivi. The Nutcracker, ile balei ya Tchaikovsky, wape watoto, wataipenda.

Na kama mwalimu wenu anatafuta kitu kipya, mpendekezee wimbo wa kuagana wa wachungaji kutoka L'enfance du Christ (Utoto wa Kristo) ya mtunzi wa Kifaransa Berlioz. Beti tatu, tuni moja, dakika nne hivi. Hauna noti za kutisha, ugumu wake ni kuimba polepole na chini bila soprano kushuka, kwa hiyo kinanda kiwape noti kati ya beti na beti. Mkipata karatasi zake za solfa, zipige picha unitumie kabla hamjaondoka kwenda Webuye, nasi huku tujaribu.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Achieng'