Barua ya wazi kwa Kamishna wa Forodha: siku za ukaguzi asihesabiwe mwenye mzigo

Mheshimiwa Kamishna,

Mimi ni wakala wa forodha. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linamgusa kila anayesubiri mzigo wake kwenye ghala la muda, yaani ghala ambako mzigo ulioingia nchini hukaa ukisubiri kuidhinishwa na forodha, na wengi wao hawajui hata malalamiko yapelekwe wapi.

Ghala la muda si ghala la dhamana, ambako mfanyabiashara huamua mwenyewe kuacha bidhaa zikae huku ushuru ukisubiri. Kwenye ghala la muda kila mtu anataka mzigo utoke. Ndiyo maana sheria huweka ukomo wa siku za mzigo kukaa humo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unatoa siku 90. Ukomo siupingi hata kidogo. Yaliyotokea Beirut tarehe 4 Agosti 2020 yanatosha kuwa onyo: takriban tani 2,750 za amonia naitreti zilikaa ghalani bandarini kwa miaka, zikalipuka na kuua watu zaidi ya 200.

Ninachopinga ni namna siku zinavyohesabiwa. Mteja ameshawasilisha tamko la forodha, yaani maelezo rasmi ya mzigo wake, na ushuru ameshalipa. Maofisa wako wanaamuru kontena lifunguliwe. Hiyo ni haki yao, lakini siku zinaendelea kuhesabiwa kana kwamba mwenye mzigo ndiye aliyelala. Mkaguzi kaitwa kwingine. Skana haifanyi kazi. Sampuli iko maabara na majibu hayajarudi. Tozo ya ghala inapanda, kampuni ya meli nayo inadai tozo ya kontena kuchelewa kurudishwa, halafu mteja anapata taarifa kwamba muda umepita na mzigo unaingizwa kwenye orodha ya mnada. Huyu kachelewesha nini?

Mkataba wa Kyoto, ule wa kimataifa wa kurahisisha taratibu za forodha, uliofanyiwa marekebisho mwaka 1999 na kuanza kutumika katika sura hiyo mpya mwaka 2006, una sehemu mahususi kuhusu ghala la muda. Inataka muda unaowekwa umtoshe mwagizaji kukamilisha taratibu, na uongezwe pale anapotoa sababu ya msingi. Najua sehemu hiyo imo katika viambatisho maalumu vya mkataba huo, ambavyo nchi hukubali kwa hiari yake. Hata hivyo, sijaona sababu ya msingi kuliko mzigo kuwa mikononi mwa forodha yenyewe.

Ombi langu ni dogo. Mfumo wenu tayari hurekodi saa ambayo amri ya ukaguzi imetolewa na saa ambayo matokeo yameingizwa. Siku zilizo katikati ziondolewe kwenye hesabu ya ukomo na ya tozo. Ukaguzi ukifichua tamko la uongo, zirudishwe zote, mdanganyifu asinufaike. Mwenye ghala atauliza nani atamfidia, na swali lake ni la haki. Lakini leseni yake mnaitoa ninyi, na masharti ya leseni ndiyo mahali pa kumaliza mjadala huo kabla mzigo haujafika.

Lipo la pili, na hili linaniuma zaidi. Niliwahi kusimama na mteja mbele ya mabunda yake ya karatasi za kuchapia. Paa lilikuwa linavuja, na safu ya chini ilishaanza kuvimba pembeni, ukungu ukiota kwenye kifungashio. Tukaomba tuyapandishe kwenye chaga tu, mbele ya ofisa, bila kutoa hata bunda moja. Tukajibiwa kwamba mzigo haujaidhinishwa, kwa hiyo haugusiki. Ulipoidhinishwa, ushuru ukatozwa kwa thamani ya karatasi kavu.

Mkataba huohuo unaelekeza mwenye mzigo aruhusiwe, kwa sababu inayokubalika, kufanya kazi za kawaida za kuuhifadhi usiharibike. Unasema pia kwamba bidhaa zilizoharibika kwa ajali zikiwa ghalani, na ajali hiyo ikathibitishwa, zishughulikiwe kama zilizofika zikiwa zimeharibika. Kupandisha bunda kwenye chaga hakuipotezei serikali hata senti. Toa waraka unaosema hivyo waziwazi, kwa sababu ofisa wa zamu asiye na waraka mkononi atakataa kila mara, naye namwelewa: akikosea kwa kuruhusu ataulizwa, akikosea kwa kukataa hakuna wa kumuuliza.

Mwisho, sababu za kuchelewa. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu tarehe 22 Februari 2017, unataka mwagizaji wa bidhaa zinazoharibika haraka, akiomba kwa maandishi, aelezwe kadiri inavyowezekana kwa nini mzigo wake umecheleweshwa sana. Nakuomba haki hiyo aipate kila mwagizaji, wa dawa na wa vyuma, na jibu liwe na jina la kitengo kinachoshikilia faili. Hapo wakala atajua mlango wa kugonga, na wewe utajua ni kitengo gani kinahitaji watu zaidi.

Wako katika kazi,
Wakala wa forodha