Salamu za Krismasi: Kaa la Moto

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu, jamaa, majirani na nyote niliowahi kuwafundisha, nawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka tele. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha, maana wengi tuliokula nao pilau mwaka jana hawapo.

Mwaka huu umetuchapa. Mchele unanunuliwa kwa kuhesabu, mkaa tunapimiwa kwa kopo. Ila kwangu zito kuliko yote ni kigoda cha Mama pale jikoni. Tangu tumzike mwezi wa sita hakuna aliyekikalia, nami sijathubutu kukiondoa.

Siku hizi namkumbuka sana Selma Lagerlöf wa Uswidi, mwalimu mwenzetu. Alifundisha wasichana mjini Landskrona miaka 10, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1891 akiwa bado anashika chaki. Mwaka 1909 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mårbacka, shamba la wazazi wake, lilikuwa limeuzwa. Akalinunua tena kwa fedha ya kalamu. Lakini mimi namsifu zaidi bibi yake, aliyekaa kwenye kochi la pembeni akisimulia asubuhi hadi jioni. Bibi alipofariki Selma alikuwa na miaka 5. Mwaka 1904 alifungua kitabu chake cha visa vya Kristo kwa huzuni ile ile, kisha akasimulia alichoachiwa: mwanamume anagonga nyumba kwa nyumba usiku akiomba moto, mkewe amejifungua na kichanga kinasikia baridi. Watu wamelala. Anaupata kwa mchungaji wa kondoo, anaokota makaa kwa mikono mitupu, wala hayamuunguzi.

Hapo nililia. Mama alikuwa akinituma kwa jirani na kigae, narudi na kaa limefunikwa majivu. "Usikimbie, litazimika."

Wazazi wenzangu, wekeni simu chini! Mtoto atasahau soda ya sikukuu, hatamsahau aliyemkalisha akamsimulia. Wenye bibi na babu walio hai, wapelekeni watoto wakawaone. Nauli imepanda, najua, lakini kaburi halisimulii. Tukiacha wazee wetu wazeeke kimya, siku tukiulizwa na Mungu tutajibu nini?

Mkesha wa Krismasi nitawakusanya wajukuu jikoni. Aliye mdogo kuliko wote nitamkalisha kwenye kigoda cha Mama.

Krismasi njema, na Mwaka Mpya wenye heri na amani.