Mkagueni mwanasesere kabla ya kumlipia

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo gazetini mwako tuzungumze na wazazi, mashangazi, mabibi na mababu wanaomnunulia mwanasesere mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Sisi ni walezi wa watoto wa umri huo pamoja na washonaji wa wanasesere. Tunalosisitiza ni kwamba mwanasesere wa mtoto mdogo ashikwe, avutwe na abonyezwe kabla ya kulipiwa. Yule anayependeza akiwa ndani ya boksi, mwenye nywele ndefu, kope, viatu na kilio akibonyezwa tumbo, ametengenezwa kumvutia mnunuzi. Mtoto wa miezi 18 hana haja na lolote kati ya hayo, na karibu kila pambo ni kitu kingine cha kung'oka.

Urefu unaofaa ni sentimita 30 hadi 35. Akiwa mfupi zaidi ya hapo, nguo zake huwa ndogo mno kwa vidole ambavyo bado vinajifunza kuvua. Akipita sentimita 40, mtoto hawezi kumkumbatia huku anatembea, atamburuta na kujikwaa. Uzito usizidi sana nusu kilo. Wapo wanasesere wanaofanana na kichanga kwa kila kitu, mpaka uzito wa kilo mbili na zaidi. Hao ni wa watu wazima wanaowakusanya. Mtoto mdogo hurusha vitu, na kichwa kizito kikimpata mwenzake usoni kinaumiza.

Mwili unaotufaa kuliko wote ni wa kitambaa kilichojazwa nyuzi, wenye kichwa, mikono na miguu ya plastiki laini. Au kitambaa kitupu mwili mzima. Mbonyeze makalio. Ukisikia punjepunje, mrudishe. Watengenezaji hutia punje za plastiki ili akae wima, lakini mshono ukiachia zinamwagika, na mtoto huzitia puani, masikioni na mdomoni. Punje hizo hupaswa kuwa ndani ya mfuko wa pili, lakini dukani huwezi kuuona mfuko huo bila kupasua mwili.

Kisha ukague shingo, maana ndipo wengi huharibikia. Kichwa cha plastiki hushikizwa kwenye kiwiliwili kwa kamba ya kubana, ile mafundi umeme wanayofungia nyaya, ikipita ndani ya pindo la kitambaa. Kamba hiyo ikibanwa hukatwa ncha, na ncha iliyokatwa vibaya hubaki kali. Pitisha kidole gumba taratibu kuizunguka shingo yote. Ukihisi kitu kinachochoma, kitatoboa kitambaa baada ya muda na kumkwaruza mtoto shavu. Halafu shika kichwa kwa mkono mmoja na kiwiliwili kwa mwingine, vuta kwa nguvu inayopanda polepole, shikilia kwa sekunde 10, kisha zungusha. Fanya hivyo kwa kila mkono na kila mguu. Kipimo cha viwango vya Ulaya huvuta sehemu zinazoweza kung'oka kwa nguvu ya nyutoni 90, yaani karibu sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 9, kwa sekunde hizo hizo 10. Kwa hiyo usione haya kuvuta mbele ya muuzaji.

Macho yawe ya kuchorwa au ya kutariziwa. Macho yanayofumba yana mhimili na kipande kizito nyuma yake. Maji yakiingia, chuma hupata kutu na jicho moja hukwama. Kope zake ni za gundi na hung'oka mapema. Nywele nazo ziwe za kuchongwa kwenye kichwa chenyewe. Zile za kupandwa, mtoto huzinyonya na kuzing'oa, na unywele mmoja ukijizungusha kwenye kidole chake unaweza kubana mpaka damu isipite. Huonekana kwa shida, hasa kidole kikishavimba.

Kuhusu vitu vidogo, kipimo kipo na kinajulikana: maabara hutumia kopo lenye upana wa milimita 31.7 na kina kinachoteremka kwa mshazari kutoka milimita 25.4 hadi 57.1. Kitu chochote kinachoingia chote humo bila kubanwa hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani tumia lile boksi jembamba la duara linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Ni pana zaidi kidogo, hivyo litakataa hata baadhi ya vitu ambavyo maabara ingevipitisha, na hilo ni jema. Jaribu viatu, kofia, chupa, vifungo. Kwenye boksi utaona pia duara jekundu lenye uso wa mtoto, tarakimu 0-3 na mstari uliokatiza juu yake. Wengi hudhani alama hiyo inapima akili, wakasema wa kwetu ni mwerevu, ataweza. Onyo hilo linahusu koo, na koo la mtoto mwerevu lina upana ule ule.

Tunaogopa vitu viwili zaidi ya vyote. Cha kwanza ni sumaku. Wanasesere wengine huja na chuchu ya kutulizia inayojishika mdomoni kwa sumaku, moja ndani ya chuchu na nyingine nyuma ya midomo. Mtoto akimeza mbili, au moja na kipande cha chuma, huvutana kupitia kuta za utumbo, zikabana nyama iliyo katikati mpaka itoboke. Dalili za mwanzo ni kutapika na maumivu, mtu akadhani ni tumbo la kawaida. Cha pili ni betri bapa za duara, hasa za lithiamu zenye upana wa milimita 20. Ikikwama kwenye umio, umeme wake hutengeneza alikali inayounguza nyama, na madhara makubwa huanza ndani ya saa 2, hata kama betri yenyewe imekwisha nguvu ya kuliza mwanasesere. Mtoto aliyemeza apelekwe hospitali papo hapo, wala asitapishwe. Ukilazimika kununua mwenye sauti, kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu, na skrubu ibaki kwenye kifuniko hata ikilegezwa. Ushauri wetu ni kumwacha huyo dukani.

Wanasesere wa kunywa maji na kukojoa tunawakataa pia. Mrija wa ndani haukauki, ukungu huota, na siku ya tatu maji yanayotoka yana harufu. Yule wa kuogeshwa awe wa plastiki mwili mzima bila tundu, na viungio vyake vikamuliwe kila baada ya kuoga.

Plastiki yenyewe inusiwe. Harufu kali na uso unaonata ni dalili kwamba vilainishi, yaani kemikali za kuilainisha plastiki, vinatoka nje. Baadhi ya vilainishi hivyo, viitwavyo fithaleti, vimewekewa kikomo cha asilimia 0.1 katika vitu vya kuchezea Ulaya na Marekani, kwa hiyo tafuta kwenye boksi maelezo kwamba havimo. Rangi nzito ya nguo hupenya plastiki laini, na wino wa kalamu hauoshwi ukatoka. Usisugue kwa spiriti, utafuta midomo na macho. Wa kitambaa afuliwe ndani ya foronya, kwa nyuzijoto 60 kama lebo inaruhusu, kwani joto hilo huua utitiri wa vumbi. Kisha akaushwe mpaka ndani. Bonyeza tumbo kwa karatasi laini, ikilowa, bado.

Nguo iwe moja tu mwanzoni, yenye mpasuko mpana mbele na kishikizo cha kubandua, au suruali ya mpira kiunoni. Kuvua huja miezi mingi kabla ya kuvalisha, na nguo isiyovulika huishia kumfanya mtoto alie. Riboni na kamba kata zote.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu humlisha mwanasesere. Akifika miaka 2 hivi huanza kumfanya mwanasesere ajilishe mwenyewe, ashike kijiko, akatae chakula. Hiyo ni hatua kubwa ya akili, na ya wavulana sawa na wasichana. Mwanasesere anayesema maneno matatu yale yale humfungia mtoto maneno yake. Kijiko halisi, kikombe na kipande cha kitambaa cha kumfunika vinatosha. Rangi ya ngozi nayo isibahatishwe: katika miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliotofautiana rangi tu, na wengi wao wakamwita mweupe ndiye mzuri. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitaja maandishi ya Kenneth Clark mwaka 1954 ilipopiga marufuku utengano wa rangi katika shule za umma. Mtoto apate kwanza anayefanana naye, na wengine wafuate.

Ombi letu kwako, Mhariri: gazeti linapochapisha mapendekezo ya zawadi za watoto, kando ya picha ya kila mwanasesere liandike urefu wake, umri aliotengenezewa, macho yake ni ya aina gani, na kama ana sumaku au betri. Mistari miwili midogo itatosha.

Ni sisi,
Walezi na washonaji wa wanasesere