Mada ya Alhamisi: watu wa Lumen Christi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Alhamisi saa 2 usiku tutaijadili Taasisi ya Lumen Christi (Kilatini: Nuru ya Kristo), taasisi inayojitegemea ya elimu na fikra za Kikatoliki, iliyoanzishwa 1997 na wanazuoni Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Chicago. Anayenivutia zaidi ni Thomas Levergood (alifariki 2021): hakuwa padre wala profesa mwenye jina, ila mwanafunzi wa udaktari aliyeungana na wakubwa wake kuianzisha, kisha akaiongoza miaka mingi. Na chuo chenyewe si cha Kanisa. Kilizaliwa 1890 kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller na msukumo wa Wabaptisti!

Njooni na jibu: kwa nini taasisi ijitegemee badala ya kuwa idara ya chuo? Mwenye zamu ya sala ya kufungua, tafadhali awahi. Ujumbe wa sauti mrefu mrefu hapana, tuandike.