Mheshimiwa Mbunge, marehemu mume wangu hawezi kutia saini

Kwa Mheshimiwa Mbunge wa jimbo letu la uchaguzi, Bunge la Marekani, Washington.

Nakala: mama mkwe, mashemeji na ukoo wote, mlioko Uvira, Baraka na Burundi.

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zote. Ninakuandikia kwa Kiswahili. Siku ile ulipokuja kanisani kwetu, mwezi wa tisa 2024, kina mama wakakutupia kitenge mabegani, ulisema ofisi yako ina wakalimani wa kila lugha na mlango wake haufungwi. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga na vigelegele. Basi lugha yangu ndiyo hii, na mkalimani mtafute wewe, maana wa kwangu ni binti yangu wa miaka 14 na kesho ana mtihani wa hesabu.

Tena nataka watu wa nyumbani waisome wenyewe. Sababu utaiona huko chini.

Jumanne iliyopita nilitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, nikakuta kwenye sanduku la barua bahasha yenye jina la ofisi yako. Miezi kumi na minne nimeingoja bahasha hiyo, nikitaka habari za ombi langu la kumleta mwanangu aliyebaki huko nyumbani. Sikuvua hata buti. Nikamwamsha binti anisomee, akasoma mstari wa kwanza, akanyamaza. Barua imeandikwa kwa baba yake. Inamshukuru kwa kuwasiliana nanyi, na inamwomba atie saini upya fomu ya ridhaa, ile ya kuiruhusu ofisi yako iulizie faili letu, ndani ya siku 30, la sivyo suala lake litafungwa.

Mume wangu alifariki Mei 2020. Cheti cha kifo nilikileta ofisini kwako kwa mkono wangu, nakala mbili, na yule binti wa mapokezi alizibana pini mbele ya macho yangu akasema pole sana mama. Zilikokwenda karatasi zile sijui. Nadhani kuna mtu anayenakili jina kutoka ukurasa wa kwanza wa faili asifungue wa pili. Au labda kwenu wafu hujibiwa haraka kuliko wazima.

Alivyokufa nako ulikutaja pale kanisani, ulipotuita watu wa muhimu waliolisha nchi wakati wa korona. Tarehe 28 Aprili 2020 Rais alitia saini amri viwanda vya nyama viendelee na kazi. Mume wangu alikuwa laini ya kukata mabega ya nguruwe, yeye na wenzake wamesimama wamebanana hivi, kiwiko kinagusa kiwiko. Siku ya Ijumaa alikohoa, Jumatatu wakamchukua, hatukumwona tena hadi makaburini, na pale tuliruhusiwa watu wachache tu. Ukoo ulizika kwa simu. Mpaka leo shemeji yangu mmoja anauliza kwa nini jeneza halikufunguliwa. Miezi miwili baadaye mimi nikaingia kiwanda hichohicho, maana kodi ya nyumba haingoji matanga yaishe. Vidole vya mkono wangu wa kisu asubuhi havikunjuki mpaka niviloweke kwenye maji ya moto. Ndiyo maana barua hii ninaiandika kwa kidole kimoja kwenye simu.

Sasa suala lenyewe, ambalo nimekwisha kulieleza kwenu mara nne.

Nina mtoto wa kiume, kifungua mimba wangu, aliyezaliwa 2008 kambini Nyarugusu, Kigoma. Mimi mwenyewe niliingia kambi ile 1996, kambi ikiwa bado msitu, tumevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Baraka. Mama mkwe alipoamua kurudi Kongo alimchukua mjukuu wake wa kwanza amlee, kama ilivyo kwetu, na hakuna aliyeona ubaya. Kesi yetu ya kuja Marekani ilipoanza, kadi ya posho ilionyesha waliopo kambini tu. Kwenye intavyu tulimtaja. Afisa akaandika, nikamwona anaandika. Tukaambiwa tangulieni, mtamwita mkifika. Tulifika 2017. Mwaka 2018 mume wangu akapeleka idara ya uhamiaji ombi la kumwita, ndani ya ile miaka miwili inayotakiwa. Wakataka vipimo vya DNA, vile vya kusugua pamba ndani ya shavu, tukalipa wenyewe, vikaonyesha ni wetu. Kana kwamba tulikuwa na wasiwasi.

Kisha baba akafa, nikaambiwa mwombaji akifa na ombi lake limekufa.

Sikukaa chini. Nilisoma uraia usiku, wakati wa mapumziko, karatasi ya maswali 100 nimeifunga ndani ya plastiki isiloe damu. Swali la 23: mbunge wako anaitwa nani? Mheshimiwa, jina lako nililikariri hata kabla sijaweza kutamka jina la mtaa ninaokaa. Swali la 22 nalo liliuliza mbunge huchaguliwa kwa miaka mingapi. Jibu ni miaka 2. Hilo sijalisahau. Afisa aliniuliza maswali sita, nikayapata yote sita, akasema inatosha. Nikaapa 2023, na wiki ileile nikapeleka ombi jipya kwa jina langu, mama raia anamwomba mwanawe. Jina langu, Mheshimiwa. Silo la marehemu.

Tangu hapo ni kimya. Wengine kanisani wanasema ni ile amri ya Januari 2025 iliyosimamisha wakimbizi. Mimi nasema ombi langu si la ukimbizi tena. Wengine wanasema ni vita: Bukavu ilipotekwa Februari 2025, mama mkwe na mwanangu walikimbia kutoka Uvira, wakavuka mto Ruzizi, wakalala wiki tatu kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, upande wa Burundi, bibi ana miaka zaidi ya sabini amekaa juu ya ndoo. Faili linasema mtoto yuko Uvira na mtoto hayuko Uvira. Niliwaandikia habari hiyo. Huenda ndiyo iliyochanganya mambo, huenda siyo. Mimi nabahatisha tu, kwa kuwa hakuna anayeniambia kitu.

Na sasa nafika kwa ndugu zangu, mnaosoma nakala.

Kosa langu nalijua. Mwaka wa kwanza nilipiga picha nimeegemea gari la mchungaji, theluji nyuma, miwani usoni, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Tangu siku ile mimi ni tajiri. Shemeji, ile sauti yako ya dakika nne niliisikiliza choo cha kiwandani. Unasema wenzangu wamewaleta hadi majirani. Unasema nimekula pesa za safari ya mtoto, nimepata mwanaume, sitaki kijana aje aone. Mwanaume gani, shemeji, anayetaka mwanamke anayenuka damu ya nguruwe na kulala saa mbili asubuhi? Dola 100 ninazotuma kila mwezi kwa Lumicash, pesa za simu za Burundi, ni zile zinazobaki baada ya kodi, umeme, na deni la tiketi za ndege zilizotuleta, nililolimalizia peke yangu. Sikuwaambia kwa sababu mama mkwe ana presha. Na kwa sababu ya aibu, tuseme kweli.

Lakini wanangu hapa wanasikia zile sauti. Yule mdogo aliniuliza kama ni kweli nimemwacha kaka yake. Na kaka mwenyewe, ambaye sasa ana sauti nzito nisiyoifahamu, wiki jana aliniambia: mama, kama umeshindwa sema tu, niingie jeshini na wenzangu. Mnajua ni jeshi gani linalochukua vijana wa miaka 17 huko.

Mheshimiwa, nilikuwa na orodha ya kukuomba. Nilitaka uulize faili liko wapi. Nilitaka jina la mume wangu liondolewe kwenye barua zenu. Nilitaka mtu mmoja, mwenye jina, wa kumpigia simu, asiwe mashine inayoniambia nibonyeze tisa. Orodha hiyo naiacha.

Naomba karatasi moja. Iandikwe jina langu, iandikwe jina la mwanangu, tarehe, muhuri, na maneno mawili matatu: ombi limepokelewa, bado halijaamuliwa. Au limekataliwa, kwa sababu hii. Hata hilo andikeni. Niipige picha, niitume kwenye kundi lilelile nililotumia picha ya gari, mama mkwe asomewe, kijana aione kwa macho yake. Karatasi moja tu, Mheshimiwa. Mmeweza kumwandikia marehemu, hamtashindwa kuniandikia mimi.

Fomu yenu nimeirudisha leo kwa posta. Pale penye nafasi ya saini ya mume wangu nimebandika nakala ya tatu ya cheti cha kifo, kwa gundi safari hii. Saini yangu iko chini yake.

Wako mwenye heshima,
Mama wa watoto wanne, watatu wako hapa