Beringi yenye sumaku ina upande wake

Mhariri,

Mimi ni fundi wa magari Ilala, Dar es Salaam. Mwezi uliopita nililetewa gari dogo lililotoka kubadilishwa beringi za mbele kwenye gereji nyingine. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, haizimiki. Mwenye gari, mama mtu mzima, alikuwa ameshauziwa sensa mbili mpya za kupima mwendo wa magurudumu, bila faida yoyote. Nilipofungua, nikakuta beringi ya kushoto imepachikwa kinyume.

Mafundi wenzangu, beringi hizi zina pete nyeusi upande mmoja, inafanana kabisa na sili ya kawaida ya kuzuia grisi isitoke. Mpira wake umechanganywa na chembe za sumaku, ncha za kaskazini na kusini zikipokezana kuizunguka. Gurudumu likizunguka, sensa huzihesabu ncha hizo, na kompyuta ya breki hujua mwendo wa kila tairi. Pete lazima itazame sensa. Ukiwa na shaka, sogeza pini ya stepla. Upande wa sumaku utainasa. Msiigonge nyundo, wala msiihifadhi karibu na spika!

Wauzaji wa vipuri nao watuonyeshe upande huo. Dereva akikanyaga breki ghafla kwenye lami yenye maji bila ABS, magurudumu hujifunga na usukani haumtii.

Fundi magari,
Ilala, Dar es Salaam